Pikipiki ya Kumfuatia Baba

Mwaka ule simu yangu ikilia ofisini mchana, nilikuwa najua ni ya nani kabla sijaitoa mkobani. Mkuu wetu wa ofisi naye alijua. Alikuwa akiinua macho, akiniona natafuta viatu vyangu chini ya meza kwa kidole cha mguu, ananionyesha mlango kwa kalamu. "Nenda, dada. Nenda umchukue mzee."

Askari wa lango la Liwatoni ndiye aliyekuwa akipiga. Salamu zake zilikuwa ndefu na za heshima, aniulize nyumbani, aniulize kazi, kisha aseme kwa upole, kana kwamba ni habari mpya, "Baba yuko huku kwetu."

Babangu alikuwa fundi wa injini za maboti. Kazi yake yote aliifanya Liwatoni, kule wanakoteremsha samaki, mpaka akastaafu na mgongo mbovu. Akili ilipoanza kumtoka, kila kitu kilimpotea isipokuwa njia ya kwenda kazini. Alisahau kwamba mama amekufa. Alisahau kama amekula au hajala. Jina langu lilikuwa likija na kuondoka. Lakini akishaswali adhuhuri, alivaa shati lake la kazi juu ya kikoi, akateremka ngazi huku ameshika ukuta, akatoka mtaani kwetu Kuze kwa miguu, akavuka Digo Road katikati ya magari na matuktuk, akakatiza Ganjoni mpaka Liwatoni. Akifika alisimama mbele ya maboti yaliyopandishwa nchi kavu, akauliza nani kaifunga injini yake, maana yeye aliiacha wazi.

Watu wa pale walimpa kiti kivulini na maji ya kunywa. Wengine walikuwa wanagenzi wake zamani na sasa wana mvi. Hakuna aliyemcheka. Hata hivyo, ilikuwa lazima mtu aende akamchukue, na mtu huyo nilikuwa mimi. Niliachika zamani, sikupata mtoto. Ndugu yangu ni mmoja, mdogo wangu wa kiume, anayekaa Kisauni na mke na watoto wake, na kazi yake bandarini ni ya zamu. Nyumba ya Kuze tulibaki mimi na baba, ghorofa ya pili, na chini yetu jirani mmoja mtu mzima ambaye asubuhi alikuwa akimwangalia kwa hisani tu. Mchana alikuwa na wajukuu zake wa kuwapikia, na hapo ndipo baba alipopata nafasi ya kuondoka.

Kwa hiyo nilitoka ofisini kwa tuktuk hadi Liwatoni, nikambembeleza baba, tukapanda tuktuk nyingine kurudi mjini, tukashuka pale inapokataa kuingia kwa wembamba wa uchochoro, tukatembea kwa mwendo wake. Nikampandisha ngazi, nikamwekea chakula mbele yake, nikarudi ofisini. Jioni nilikuwa namaliza kazi ya mchana wakati wenzangu wameshaondoka. Nikifika nyumbani, napika, nafua, namwosha miguu. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao hata usingizi hauutoi. Nililala nao, nikaamka nao.

Niliwahi kumfungia mlango. Ilikuwa siku moja tu. Alipiga ubao wa mlango kwa viganja vyake mpaka jirani akanipigia simu huku analia yeye mwenyewe. Nilipofungua, baba alinitazama kama mtu anayemtazama mlinzi wa jela. Viganja vilikuwa vimevimba. Sikumfungia tena.

Aliyelitaja neno pikipiki mara ya kwanza ni yule mkuu wetu wa ofisi. Ni mama wa kutoka bara, Ukambani, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na hapa Mombasa ameishi miaka mingi bila kuzoea joto. Siku hiyo nilirudi ofisini nimelowa jasho, nikajitupa kitini.

"Dada," akaniambia, "nunua pikipiki."

Nikacheka. Nilidhani anataka kunichangamsha.

"Sichezi. Dadangu kwetu ni mkunga, anazunguka milima yote na pikipiki ndogo. Ana miaka zaidi yako. Lakini nunua mpya. Ukichukua iliyotumika, utakuwa unanunua uchovu wa mtu mwingine."

Nilikwenda na maneno hayo nyumbani. Nilikuwa nikisuuza mashati ya baba uani, nikayafikiria, nikayaacha, nikayarudia. Mwanamke wa Kuze, wa umri wangu, juu ya pikipiki! Niliwaona wasichana wa siku hizi wakipita na skuta zao Nyali, ushungi umefungwa vizuri chini ya helmeti, na hakuna aliyewatupia jiwe. Lakini wao wana miaka ishirini na kitu. Mimi nikipanda ngazi magoti yalikuwa yanalia.

Jumapili mdogo wangu alipokuja nilimweleza. Alikuwa amekaa mkekani anamkata baba kucha.

"Pikipiki mpya ni kutupa pesa," akasema bila kuinua kichwa. "Ikitoka dukani tu, bei yake ishaanguka. Na hewa ya chumvi hii! Baada ya mwaka itakuwa kutu tupu. Nina rafiki yangu auza yake, nzuri, bei ya kuelewana."

"Nitaiona."

"Au tumlipe bodaboda wa hapo stendi, awe anamfuata."

"Tulimjaribu. Mtu mwema, lakini baba akitoka yeye yuko Bamburi na abiria. Siwezi kumlaumu, ndiyo kazi yake."

Akamaliza kidole. "Na pesa za mpya utatoa wapi?"

"Zile za Umra."

Hapo alikiweka chini kikatio cha kucha. Fedha zile nilikuwa naziweka tangu mama yuko hai. Tulikuwa twende mimi na yeye. Yeye alikwenda njia yake nyingine, nami nikaendelea kuweka, kidogo kidogo, kwa mazoea zaidi kuliko kwa tamaa ya safari.

"Hizo usiziguse, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Hizo si za kununulia tairi."

"Basi njoo umfuate wewe."

Sikuona raha kwa kumshinda. Alikuwa na macho mekundu ya zamu ya usiku, na mtoto wake mdogo alikuwa na homa. Sote wawili tulikuwa tumechoka, ila uchovu wangu ndio uliokuwa na makazi Kuze. Baba alituangalia, mmoja baada ya mwingine, akauliza kama chai imeiva.

Pikipiki ya rafiki yake niliiona. Ilitoa moshi kama jiko la kuni, kioo kimoja hakipo, na mwenyewe akaapa haijaanguka hata siku moja. Nikamshukuru. Nyumbani tayari nilikuwa na mgonjwa wa kuamkia usiku, sikutaka wa pili anayekaa uchochoroni.

Nikaenda dukani. Kijana wa mauzo aliniuliza, "Mama, ni ya mwanao?" Nikamwambia ni yangu. Akajikaza asitabasamu, akanionyesha skuta ndogo ya kijivu, isiyo na gia, ambayo mtu anakaa ameweka miguu mbele pamoja kama aliyekaa kitini. Nilipoipenda ndipo nilipojua kwamba bei iliyoandikwa si bei. Kuna bima, kuna usajili, kuna helmeti mbili, kuna mafunzo na leseni. Kila nilipodhani nimemaliza, yule kijana alisema kwa adabu, "Imebaki kitu kidogo tu, mama." Nilitoka pale nimebaki na nauli ya kurudi nyumbani, na moyoni sikuwa na furaha yoyote ya mtu aliyenunua kitu kipya. Nilijihisi kama mtu aliyelipia matibabu.

Mbali na yale mafunzo ya leseni, aliyenizoesha hasa ni yule bodaboda wa stendi yetu, asubuhi za Jumapili, uwanja wa Makadara kabla jua halijakolea. Buibui nililiacha nyumbani kwa hofu ya gurudumu. Nilivaa suruali na koti pana la mdogo wangu, ushungi chini ya helmeti. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilikaa chini pale pale mchangani na sikutaka kuinuka. Si kwamba niliumia, ila ilikuwa ni mara ya kwanza kwa muda mrefu kukaa bila mtu kuniita. Yule bodaboda akaiinua skuta, akaipangusa, akasubiri. Baadaye akasema, "Mama, barabara haitaki hasira, na haitaki usingizi." Nilikuwa navyo vyote viwili.

Nilipopata leseni, siku ya tatu au ya nne hivi, simu ya Liwatoni ikaja. Nikavaa koti, nikafunga helmeti, nikateremka Ganjoni nyuma ya lori la saruji kwa mwendo wa mtu anayetembea. Askari wa lango alinifungulia kama anavyomfungulia mtu yeyote mwenye pikipiki, akashtuka nilipomsalimia.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Nikasimama mbele yake, injini inanguruma, nikafungua kinywa kumwita. Yeye akanitangulia.

"Masalkheri, kijana."

Koti la kiume, suruali, kichwa kizima kimo ndani ya helmeti nyeusi. Angenijuaje, na hata bila hayo kuna siku hakunijua?

"Waweza kunipeleka Kuze?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kiasi gani? Mimi sipandi chombo cha mtu bila kujua bei."

Nikainua kidole kimoja.

"Mia! Haya. Lakini pole pole. Mgongo huu si ule wa zamani."

Kila siku nilikuwa natumia nusu saa kumbembeleza aingie tuktuk. Alikuwa akinivuta mkono, akisema kazi haijesha, akiniita jina la mama, akinikataza kumwaibisha mbele ya mafundi. Siku ile alipanda mwenyewe. Askari akamvisha helmeti ya pili, akaniwekea mikono ya baba kiunoni, na tukaondoka.

Baba masikio yake ni mazito, kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya kushindana na barabara. Alinionyesha mashimo. "Ndia hini mbovu, pita kando." Alimlaani mwenye tuktuk aliyetukatia mbele. Kisha, tulipokuwa tumesimama tukingoja magari yapite, akaniinamia begani.

"Nna binti wangu nyumbani," akasema. "Mkali. Chai yake maji matupu. Siku moja kanifungia mlango kama kuku."

Magari yakapita. Sikuondoka. Dereva aliyekuwa nyuma yetu alipiga honi.

"Lakini yuwachoka," baba akaendelea. "Akirudi kazini uso umemkauka. Mimi hutoka mchana nimpishe kidogo, apate pumzi. Mtu mzima kumkaa mtoto wake kichwani kutwa, si vizuri. Wanisikia, kijana?"

Nikainua mkono kumwonyesha kwamba nasikia.

Sijui kama lile lilikuwa kweli. Mchana mimi sikuwa nyumbani, kwa hiyo hakuwa na wa kumpisha. Katika akili yake labda siku zilichanganyika, labda alikuwa anasema la mtu mwingine, la mama. Nimejiuliza mara nyingi na nimeacha kujiuliza. Nakumbuka tu kwamba kutoka pale mpaka Kuze nilikuwa naona barabara kwa shida, na ndani ya helmeti hakuna namna ya kufuta macho.

Nyumbani niliisimamisha skuta kando ya daka, baraza ya mlangoni petu. Akashuka, akajipapasa mifuko. "Ngoja, nikamwite binti wangu akulipe." Akapanda ngazi anaita. Nikavua koti na helmeti, nikavificha nyuma ya mlango wa chini, nikapanda nyuma yake.

Alipogeuka akaniona. "Ah, ushafika! Kuna kijana hapo chini kanileta. Mpe mia yake. Mtu mwema, hasemi sana."

"Nitampa, baba."

Nikashuka kweli. Nikakaa dakani karibu na skuta mpaka pumzi zikatulia, watu wanapita, wananisalimu, wengine wanaiangalia pikipiki, wengine wananiangalia mimi. Kisha nikapanda tena kumwekea chakula.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika, ingawa si kwa namna niliyoilipia. Nilinunua pikipiki ili niende haraka na nirudi haraka. Baba naye akawa anamngoja kijana wa pikipiki. Hakutoka tena kwa miguu. Akishaswali adhuhuri alivaa shati la kazi, akateremka, akakaa dakani na jirani, macho mwanzo wa uchochoro. Ikawa lazima nije nimchukue nimpeleke Liwatoni, aangalie maboti yake kidogo, nimrudishe. Mkuu wangu akanisogezea saa yangu ya chakula ifuate wakati huo, na mimi mchana nikaacha kula. Kama ni hesabu ya uchovu, haikupungua. Kilichopungua ni hofu. Sikuwa tena nasikia breki za magari ya Digo Road kila nilipokuwa natia muhuri karatasi za watu.

Wapo waliosema. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alimwambia jirani yangu kwamba babangu amezeeka vibaya na bintiye naye amezeeka vibaya zaidi. Jirani akamwambia aje basi kesho adhuhuri ampeleke yeye. Hayo niliyasikia nikiwa ngazini, nikaendelea kupanda.

Na mdogo wangu alisema kweli kuhusu chumvi. Kabla mwaka haujesha, skurubu zote zilikuwa na kutu na bomba la moshi limeanza kubabuka. Mkokoteni wa maji uliivunja taa ya nyuma, na mwenye mkokoteni aliomba radhi kwa maneno mazuri yasiyonunua taa. Jumamosi zangu zilikuwa za gereji, nakaa juu ya kopo la rangi nikimngoja fundi, nikisinzia. Upya wake ulikwisha upesi sana. Lakini haikunikatalia kuwaka hata siku moja, na hilo nalisema kwa haki.

Ikafika wakati baba akawa anasinzia njiani. Mara ya kwanza nilihisi mikono yake inalegea kiunoni, kichwa kinaniangukia mgongoni, nikasimama kando ya ukuta wa ghala. Kutoka siku hiyo nilimfunga na leso. Niliizungusha kiunoni kwake na kwangu, nikaifunga fundo mbele, kama mtu anavyombeba mtoto. Yeye alikubali. "Huyu kijana ana hadhari," alimwambia askari wa lango.

Mdogo wangu alituona hivyo siku moja, akiwa anatoka zamu, pale njia ya Ganjoni. Alitufuata mpaka nyumbani. Nilimpandisha baba, nikashuka, nikamkuta kasimama kando ya skuta, ameshika ile leso.

"Mtakufa nyote wawili," akasema.

"Huenda."

"Kwa nini hukuniambia imefika hivi?"

Maneno yote yalikuwepo, niliyaweka tayari miezi mingi, na nilipotakiwa kuyatoa nikaona hayana maana. Nikaketi dakani, nikavua viatu. Aliniangalia miguu, ilikuwa imevimba. Akakaa karibu nami. Kisha akaninyoshea mkono nimpe ufunguo.

Jumapili iliyofuata alikuja asubuhi bila mkewe, akavaa lile koti lake mwenyewe, akamchukua baba kwa mwendo wa polepole na leso kiunoni. Walirudi baada ya muda mrefu. Baba alipanda ngazi ananung'unika.

"Yule kijana wa siku zote yu wapi leo?" akaniuliza. "Huyu wa leo aendesha kama amebeba mayai. Na yuwasema mno."

"Amepumzika, baba."

"Vyema. Naye ni binadamu."

Jumapili zikawa za mdogo wangu. Baba hakumzoea. Aliniomba mara kwa mara nimtafutie yule wa kawaida, nami nikamwambia kijana ana siku yake ya mapumziko.

Juzi mkuu wangu wa ofisi aliniuliza. Ana mpwa wake aliyepata kazi Changamwe, anataka kununua pikipiki ndogo, mpya, na huyo mpwa hana hakika kama inafaa pesa yake. "Wewe umeitumia, dada. Niambie nimwambie nini."

Nikamwambia kuhusu bei isiyo bei, kutu, taa, na kwamba mpwa wake asinunue iliyotumiwa na mtu. Nikamwambia siku hizi ofisini nafika nimekaa, sifiki nimesimama kwenye matatu. Akangoja nimalizie. Nikaona anataka neno moja, ndiyo au la, na nikalitafuta kwa moyo safi, sikulipata. Nikamwambia huyo mpwa aje ajaribu kuiendesha yangu kwanza, Jumamosi, kama fundi atakuwa ameimaliza.

Leo ni Jumapili. Baba na mdogo wangu wametoka kitambo, nimeisikia injini ikipungua mwisho wa uchochoro. Mashati ya baba yameloweka, mchele umechaguliwa, sufuria iko tayari jikoni. Nimelala juu ya kitanda chake, mlango wazi kwa ajili ya upepo, na mwili hauamini kwamba hakuna anayeniita. Sikio moja bado liko chini barabarani.